Nilivyojifunza Kukisikia Kilio Chako

Mwanangu Sikudhani,

Barua hii nitaiweka katikati ya khanga ulizokwisha kuzikunja, mahali ambapo najua hutapagusa mpaka uwe umefika Kigoma na kuanza kutafuta cha kujifunika. Ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutolala na simu masikioni, hayo nimekwisha kuyasema mpaka jana ukanijibu kwa kuimba. Sitayarudia. Leo umekwenda Vihingo kumuaga bibi yako, nyumba imepoa, na mimi nimefunika cherehani mapema nikakaa hapa mlangoni na chai ya mchaichai. Nataka kukuandikia jambo ambalo tumeligusa mara moja tu, ukaona haya, nami nikaona haya, tukahamia kwenye habari za mboga.

Ilikuwa likizo yako ya mwaka jana. Ulikuwa unajisomea kwa sauti pale ukumbini, kama ulivyozoea tangu shule ya msingi, na kila ukikuta jambo tamu unanitafsiria mimi niliye jikoni. Ukasema, "Mama, kumbe mwanamke akibeba mimba hata ubongo wake hubadilika! Akishazaa, kilio cha mtoto kinamwingia tofauti. Anaweza kuwa amelala, radi inapiga wala hashtuki, lakini mtoto akiguna tu, yuko macho. Mwanamke ambaye hajazaa hakimwingii vile." Ulipolifikia neno hilo la mwisho ukafunga kitabu. Nilikuwa nachambua mchicha, sikuinua kichwa. Nikakuuliza kama chumvi ipo.

Sijazaa, mwanangu. Wewe unajua, na mtaa wetu wote wa Tangini unajua. Aliyekuzaa ni dada yangu Zuhura, na hilo hatukukuficha hata siku moja. Lakini swali lililokukwama kooni siku ile nililisikia vizuri: kama mimi nilikusikia jinsi mama anavyomsikia mwanawe. Nataka nilijibu kabla hujaondoka, kwa sababu unakwenda kufanya kazi wodi ya wazazi, na huko utakutana na wanawake wanaojiuliza swali hilohilo wakiwa wamelala kitandani na mtoto ubavuni.

Nianze na mimi nilivyokuwa. Nilikuwa na usingizi wa pono. Zuhura alikuwa akinicheka, anasema, "Mwanaidi, siku nyumba ikiungua wewe utadhani jua limechomoza." Alikuwa mkubwa wangu, mwembamba, mwenye maneno mengi na kicheko cha kupasuka. Mimi nilikuwa fundi cherehani hapa Kibaha, nimepanga chumba, sina mume, na kwa kweli sikuwa na hamu na watoto wa mtu. Mteja akija kupima gauni na kichanga kinalia, nilimwambia atoke nje akambembeleze kwanza. Kilio cha mtoto kwangu kilikuwa sawa na jogoo wa jirani: kelele za mwenye mali, si zangu.

Zuhura alipokuwa na mimba yako nilikwenda kumtazama. Akaushika mkono wangu akauweka tumboni, nawe ukapiga teke. Akaniuliza, "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Ulikuwa uongo. Niliona tu tumbo likicheza.

Alikuzaa salama. Akakushika, akakupa titi, akauliza kama una vidole vyote. Kisha damu ikamtoka isikome. Sitaeleza zaidi, mambo hayo sasa wewe unayajua kuliko mimi. Bibi yako alipopewa habari pale kwenye benchi la hospitali, neno alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa hilo tu: sikudhani, sikudhani. Likawa ndilo jina lako.

Tukakupeleka Vihingo. Shangazi yako Mwajuma akaja kutoka Mlandizi na mwanawe Hamisi, aliyekuwa bado ananyonya, akasema titi moja la Hamisi na moja la Sikudhani mpaka arobaini ipite. Ndiyo maana mpaka leo Hamisi ni ndugu yako wa kunyonya. Baba yako Shabani alikuwa amekaa uani chini ya ukuta, mtu amepigwa, ukimwambia kula anakula, ukimwambia lala analala. Usimlaumu kwa siku zile. Nami niliacha kazi za watu mezani huku Kibaha, nikawa kwetu, natwanga, nachota maji, natandika mikeka ya wageni. Kazi yoyote ile niliifanya, isipokuwa kukushika wewe.

Watu husema fulani ametia pamba masikioni, wakiwa na maana kwamba hataki kuambiwa. Mimi nilizitia kweli. Nilizichomoa kwenye mto wa zamani. Si kwa sababu ulikuwa unasumbua. Ni kwamba kila ulipolia nilisikia mtu anamwita Zuhura, na Zuhura haitiki. Unaita tena, haitiki. Nilihisi kichwa kitapasuka.

Bibi yako akaniona. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono akazitoa, sikio moja kisha la pili, akazitia kwenye moto, akasema, "Mwajuma ana mikono miwili na watoto wawili. Akimnyonyesha mmoja, mwingine nani anamshika? Mchukue huyo."

Nikakuchukua. Mwanangu, nataka ulijue hili kwa sababu kila mtu atakuambia kinyume chake: sikuhisi kitu. Ulikuwa mwepesi, una joto, kichwa kinaning'inia. Nilikuwa naogopa kukuvunja. Nikakutembeza uani, nikarudi, nikakutembeza tena. Ukilia sijui ni njaa, sijui ni tumbo, nakimbilia kwa Mwajuma kama mtu aliyeokota kitu cha moto. Yeye alikuwa anasikia mara moja tu na kusema, bila hata kugeuka, "Huyo ana usingizi. Mfunike uso na khanga." Ndivyo ilivyokuwa kweli. Nilimwonea wivu. Nikadhani ana sikio alilozaliwa nalo, na mimi nimenyimwa.

Siku zikapita hivyo, zamu kwa zamu. Asubuhi wewe mgongoni kwangu, mchana mgongoni kwangu. Nikajua unapenda kulalia upande wa kushoto. Nikajua ukikaribia kupiga chafya unakunja pua kwanza. Mambo madogomadogo, wala sikuyatia maanani.

Ndipo siku moja nikaenda kuni na wanawake wa pale jirani, ng'ambo ya mikorosho, mbali kabisa na nyumba. Tuko huko tunafunga mizigo, nikasikia unalia. Nikasimama. Nikawauliza, "Hamsikii? Mtoto analia." Wakatega masikio. Mmoja akaniambia ni ndege. Mimi mzigo nikauacha palepale, nikakimbia, miiba inanishika doti, nimefika nyumbani natweta kama mbwa wa kuwinda. Bibi yako alikuwa anaanika mihogo juu ya bati.

"Mtoto ana nini?" nikamuuliza.

"Ana usingizi," akasema. "Amelala tangu ulipoondoka."

Nikaingia ndani kukuangalia. Ulikuwa umelala fofofo, mkono mmoja juu ya sikio. Nikakaa kitako mlangoni, nikaona aibu, nikamwambia mama yangu kwamba nadhani msiba unanitia wazimu. Aliacha mihogo yake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumzike Zuhura. "Si wazimu huo, we mwana. Ndiyo mwanzo. Kwanza utasikia kisichokuwepo. Halafu utasikia kilichopo."

Arobaini ikafika. Baada ya dua, wazee na kina mama wakakaa kuamua wewe ukae wapi. Nilijua watakavyosema, na nilijua wako sawa. Mwajuma ana maziwa, ana mume, ana nyumba Mlandizi, ni damu ya baba. Mimi nina nini? Cherehani na chumba kimoja. Baba yako alipoulizwa akasema tu, "Apelekwe panapofaa." Wewe na Hamisi na watoto wengine wa wageni mlikuwa mmelazwa chumba cha ndani. Mazungumzo yanakwenda vizuri, kila mtu anaitikia, na mimi nimekaa pembeni nayakubali.

Mara kilio kikatoka ndani. Sikufikiri. Nilisimama nikapita katikati ya wazee bila hata kuomba radhi, nikasema kwa sauti, "Huyo wangu."

Nikaingia. Hakuwa wewe. Alikuwa ni Hamisi.

Nilirudi naye mikononi, namkabidhi mama yake mbele ya watu wote, uso unawaka. Baadhi ya wanawake wakacheka chini ya mitandio. Nikajua nimejimaliza mwenyewe. Mtu gani huyu anadai mtoto wakati hata sauti yake haijui?

Mwajuma akampokea Hamisi, akamweka titini, akanitazama. Kisha akawageukia wazee. "Samahanini, baba zangu. Huyu mtoto ni wangu, nimemzaa mwenyewe, na yeye amesimama kabla yangu. Amekosea mtoto, lakini hakukosea kusimama. Mtoto wa Zuhura akae kwa Mwanaidi. Mimi nitakuwa nakuja kumnyonyesha, na siku nisizokuja atakunywa ya kopo."

Mzee mmoja akauliza mtu asiyezaa atawezaje. Bibi yako akamjibu, "Kwani sisi tuliozaa tulianza tunajua?" Baba yako akainua kichwa, akasema, "Basi iwe hivyo." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwezi ule.

Ndivyo ulivyokuja Tangini. Mwajuma naye alitimiza: alikuwa anakuja, anakaa kwenye hiki kiti cha mlangoni nilichokalia sasa, wewe huku, Hamisi kule, anakula nanasi na kunisimulia ya Mlandizi.

Sasa nikuambie siku niliyoacha kujiuliza. Ulikuwa umeanza kukaa, unaangukaanguka. Uliamka na homa. Jirani yetu alikuwa Mama Neema, yule wa kutoka Moshi, mwanamke mwema mno, aliyenifundisha kupima maziwa ya kopo na kuchemsha chupa. Akaja, akakugusa, akasema, "Ni meno hayo, Mwanaidi. Wangu wote walikuwa hivihivi. Mkande na maji ya vuguvugu."

"Mama Neema, hiki si kilio chake."

"Mtoto akiwa na homa kilio hubadilika, dada."

"Hapana. Hiki sikijui."

Alinitazama, nikaona neno limemfika ulimini akalimeza. Namshukuru kwa kulimeza. Akabaki kunilindia nyumba, nami nikakufunga kifuani, nikasimamisha bodaboda.

Hospitalini tabibu alikuwa kijana, amechoka, foleni imefika nje. Akaniuliza bila kuinua macho, "Wewe nani wake?"

Kwetu mdogo wa mama ni mama, wala hakuna aliyepata kuona hilo ni la ajabu. Lakini mpaka siku ile nilikuwa nikiulizwa nasimulia hadithi yote, ya Zuhura, ya arobaini, kama mtu anayeomba ruhusa. Siku ile nilisema, "Mama yake."

"Analiaje?"

Nikamwambia, "Siku zote kilio chake kinaanza chini kinapanda, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Leo kinaanza juu kinakatika. Na kila akikatisha, mwishoni kuna mguno mdogo, kama anasukuma kitu."

Akaiweka kalamu chini. Akakufungua nguo, akatazama mbavu zako zinavyoingia ndani, akakusikiliza mgongo. Ilikuwa nimonia. Tukalazwa. Siku uliyopata nafuu ulilia kwa njaa, kuanzia chini, kikapanda, na wodi nzima ilinishangaa kwa nini mtoto analia na mama yake anacheka.

Hapo nilikuwa nimekwisha kupona ule usingizi wa pono, na haujarudi mpaka leo. Mvua inapiga bati, sishtuki. Malori yanapita barabara kuu, sishtuki. Wewe ukigeuka kitandani ukiwa na mawazo, niko macho. Zuhura angekuwa hai angenicheka.

Lakini nisikudanganye kwamba sikio likifunguka basi mambo yamekwisha. Langu lilipofunguka sikujua kulifunga. Ulikuwa hujaanguka nimekwisha kukuinua. Mwalimu akikugombeza nasikia kwenye hatua zako unaporudi, kesho yake niko shuleni. Ulipokuwa kidato cha pili, rafiki yako yule wa karibu alipokutenga, ulijifungia chumbani unalia kimyakimya, umeuma mto. Nikaingia bila kubisha hodi. Ukaniambia, "Mama, hata kulia siwezi kulia peke yangu?"

Nilitoka. Nilisimama nje ya mlango, mkono kwenye kitasa, na nakuambia kweli, kukimbia kutoka mikoroshoni kulikuwa rahisi kuliko kusimama pale. Baadaye ulitoka mwenyewe, macho mekundu, ukauliza kuna nini cha kula. Nikajifunza siku ile kwamba kukusikia ni kwangu mimi, lakini si kila ninapokusikia ni lazima niitike. Nimelijua hilo kwa kuchelewa, na kesho nitalihitaji kuliko siku zote.

Nirudi kwenye mchicha. Siku iliyofuata ulinijia jikoni, umesimama mguu juu ya mguu kama unavyofanya ukiwa na jambo. Ukasema, "Mama, nimempigia mwalimu wangu nikamuuliza. Anasema hata mtu anayelea bila kuzaa, hata baba, ubongo wake nao hugeuka. Ila kwake haiji na mimba. Inakuja polepole, kwa kumshika mtoto, kumlisha, kukaa naye."

Nami nikakujibu, "Mboga imeiva, pakua."

Nilikujibu hivyo kwa sababu ningesema neno lingine ningelia, na wewe ungebaki na sahani mkononi. Nilichotaka kusema ni kwamba mwalimu wako ni mtu wa kweli, na kwamba nilifurahi kuambiwa lina maelezo, lakini mimi nilikwisha kuyapitia yote, moja baada ya jingine, uani kwa bibi yako, bila mtu wa kunieleza. Laiti ningeelezwa. Nisingejiogopa vile.

Ndiyo maana nakuandikia. Utampata mwanamke wodini, amezaa vizuri, mtoto analia, naye ameangalia ukuta. Utamuuliza, atakwambia hasikii kitu, au anasikia kelele tu. Wenzake watamsengenya. Wewe usimwambie damu nzito kuliko maji, wala usimwambie mama wa kweli hujua. Kuna waliobeba mimba na sikio likachelewa, kama langu lilivyochelewa. Mwangalie vizuri kama ni mgonjwa, maana hiyo ni kazi yako uliyoisomea. Kisha mwekee mtoto kifuani, hata kama ni kwa muda mfupi, umchukue apumzike, umrudishie tena. Zamu kwa zamu. Na ukimkuta mwingine ameamka anatetemeka, anasema mtoto analia, na mtoto amelala, mwambie maneno ya bibi yako. Ni ya kwako, umeyarithi, yatumie.

Na ukimkuta dada wa marehemu amesimama mlangoni na kichanga asichojua kukishika, mwanangu, huyo usimpite. Mpe kiti.

Zuhura ninamkumbuka sana leo. Nimekaa hapa najaribu kukisikia kicheko chake, na kwa miaka yote hii nimeanza kukisahau, kinakuja nusu kinapotea. Kisha wewe unacheka na jirani dirishani, na nakipata chote. Hilo pia hujawahi kuambiwa. Nimekulea mimi, lakini unacheka kama yeye, na sijawahi kuona kama ni vitu viwili vinavyogombana.

Nenda, Sikudhani. Kigoma ni mbali na mimi sijawahi kufika. Utapiga simu, najua, na najua utakavyofanya: utasafisha koo kwanza, useme, "Mama, niko sawa, usiwe na wasiwasi." Usijisumbue na hilo. Wewe niambie habari za huko tu, watu wa huko wakoje, ziwa likoje, umepika nini. Hayo mengine nitayasikia mwenyewe.

Mama yako,
Mwanaidi